Mafigo na Mafiga: Maisha ya Daktari Richard Bright

 Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa uhuru, waandishi na wanariadha. Mwaka huu nawaomba mnivumilie, maana nimewaletea mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa jina lake lilitajwa katika hospitali za dunia kwa zaidi ya miaka 100. Huyu ni daktari Mwingereza, Richard Bright, aliyezaliwa mwaka 1789 na kufariki mwaka 1858. Najua mtauliza: mtoto wa Jericho, aliyelelewa kando ya Barabara ya Jogoo, ana undugu gani na daktari wa London wa karne ya 19? Undugu wetu ulianzia matangani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Kamukunji. Alikuwa mtu wa miraba minne, na sauti ya nyundo yake ungeitambua hata ukifumba macho. Jioni moja alirudi nyumbani akilalamikia kichwa. Akala, akalala. Usiku wa manane akaanza kuhema kama mtu aliyekimbia mbio ndefu, na kabla gari halijapatikana akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Msiba ule ulikuwa mbaya mara mbili. Kesho yake asubuhi watu wa kwetu walianza kunong'onezana kwamba mkaza mjomba alikuwa amemtilia mumewe kitu kwenye chakula. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekorofishana kuhusu karo, na majirani wa ploti walisikia. Basi, hilo likatosha kuwa ushahidi. Kufikia saa sita mchana nguo za mama wa watu zilikuwa zimetupwa nje ya mlango, na watoto wake wawili wamekaa juu yake wakilia. Mama yangu akasema maiti ipelekwe ikachunguzwe na daktari ili ukweli ujulikane. Nyanya akakataa katakata. Kwake yeye, kumpasua maiti ni kumwua mtu mara ya pili. Walibishana kwa siku mbili, na mwishowe nyanya akakubali kwa shingo upande.

Mwanapatholojia alipomaliza kazi yake alituita pale mochari akatueleza kwa upole. Hakuona dalili ya sumu. Alichokuta ni moyo uliokua kupita kiasi, na mafigo mawili yaliyosinyaa, madogo, magumu, uso wake umejaa vijipunje kama kwamba umenyunyiziwa mchanga. Akasema mafigo hayafiki hali ile kwa usiku mmoja, bali kwa miaka. Mjomba alikuwa anaumwa kimyakimya hata alipokuwa akigonga bati. Kisha akatuambia kwamba zamani ugonjwa wa mafigo wa namna hiyo uliitwa ugonjwa wa Bright. Jina hilo lilininata. Nilimwuliza mwalimu wa baiolojia, akaniazima vitabu, nami nikavisoma jioni baada ya jioni katika maktaba ya Kaloleni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Richard Bright alizaliwa Bristol, mji wa bandari huko Uingereza, tarehe 28 Septemba 1789. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Sitaficha jambo hili: utajiri wa ukoo wake ulitokana na biashara ya visiwa vya West Indies, na jamaa zake walishiriki katika kuuza watumwa kutoka Afrika. Kwa hivyo fedha zilizomsomesha zilikuwa na jasho la watu weusi ndani yake, na watu hao hawakuulizwa. Nilipofika hapo nilitaka kukifunga kitabu. Halafu nikamkumbuka mkaza mjomba na zile nguo zake mlangoni, nikaendelea.

Mwaka 1808 kijana Bright alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Mwaka 1810 aliandamana na msafara wa Sir George Mackenzie kwenda kisiwa cha Iceland, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea na wanyama wa huko. Baadaye akajifunza udaktari katika Hospitali ya Guy's mjini London, na akapata shahada yake Edinburgh mwaka 1813. Bado miguu ilimwasha. Alizunguka Ulaya, akafika Vienna wakati wafalme na mabalozi wamekusanyika huko kugawana mipaka baada ya vita vya Napoleon, akapita nchi ya Hungaria, na mwaka 1815 akapitia Brussels siku chache baada ya vita vya Waterloo, hospitali zikiwa zimefurika majeruhi. Safari ile ya Hungaria aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1818, tena kikiwa na michoro aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Shikeni hapo kwenye michoro, maana huyu alikuwa daktari mwenye jicho la mchoraji. Jicho hilo ndilo lililokuja kumpa sifa.

Aliporudi London alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa, akaambukizwa mwenyewe nusura afe. Mwaka 1820 aliajiriwa Guy's kama daktari msaidizi, na mwaka 1824 akawa daktari kamili wa hospitali hiyo. Mambo ya nyumbani hayakumwendea vizuri hapo mwanzo. Alimwoa Martha Babington mwaka 1822, na mwaka uliofuata Martha akafariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Bright alioa tena mwaka 1826, mke wake wa pili akiitwa Eliza Follett. Nadhani mtu aliyefiwa na mke mchanga namna ile, naye ni daktari, hawezi kuacha kujiuliza ni kitu gani hasa kinachoua watu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Siku zile palikuwa na ugonjwa uliowatesa watu wengi, wa kuvimba mwili kwa maji. Mgonjwa huamka uso umetutumka, macho yamefinyika, viatu haviingii miguuni, tumbo limejaa kama mtungi. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Madaktari waliuona uvimbe na kuuita ugonjwa. Baadhi yao, kama John Blackall, aliyeandika mwaka 1813, waligundua kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa hao ukichemshwa huganda. Wengine walishawahi kuona mafigo mabovu walipopasua maiti. Lakini kila mmoja alikuwa ameshika jambo lake. Wahenga wetu walisema figa moja haliinjiki chungu. Figa la uvimbe lilikuwa pembe hii, figa la mkojo pembe ile, na figa la figo lenyewe limefukiwa pamoja na marehemu.

Bright ndiye aliyeyaleta mafiga matatu pamoja. Njia yake haikuwa ya miujiza. Kwanza alikaa na mgonjwa wodini, akamsikiliza na kuandika: kazi yake, lini alianza kuvimba, kama alinyeshewa, kama anakunywa pombe. Pili, alichukua mkojo kidogo, akautia kwenye kijiko, akaushika juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya ukichemka haugandi. Wa mgonjwa huyu uligeuka mweupe na kuganda, kama ute wa yai unavyobadilika ukiwa kwenye kikaango. Kile kinachoganda ni albumini, protini ya damu. Figo ni chujio. Likiwa zima hubakiza protini ndani ya damu na kutoa uchafu tu, likitoboka huiachia ipite. Protini hiyo ndiyo huyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa, kwa hivyo ikipungua sana, maji huvuja na kujaa mwilini. Hapo ndipo uvimbe unapotoka.

Tatu, mgonjwa alipofariki, Bright hakumwachia mwingine. Alishuka mwenyewe kwenye chumba cha maiti. Inasemekana alikuwa akitumia kama saa sita kwa siku kati ya wodi na chumba hicho. Alifungua mwili, akayatoa mafigo, akayapasua katikati, akayatazama kwa lile jicho la mchoraji. Na karibu kila mara aliyemwona wodini akiwa amevimba na mkojo wake unaganda, huku chini alimkuta mafigo yake yameharibika.

Mwaka 1827 alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha habari za wagonjwa, na ya pili ikafuata mwaka 1831. Ndani yake mlikuwa na picha za rangi za mafigo, zilizochorwa na Frederick Richard Say, ambazo hata leo wataalamu huzisifu. Bright alieleza sura tatu za figo bovu. La kwanza ni laini, limepoteza ugumu wake wa kawaida, lina rangi ya manjano yenye madoadoa. La pili, ile sehemu yake ya nje imebadilika yote ikawa ya chengachenga, kama kitu kigeni kimeota ndani yake. La tatu ni gumu, uso wake unakwaruza ukiupapasa, umejaa vijinundu vidogo kama vichwa vya pini, na mara nyingi limenywea. Niliposoma sura hiyo ya tatu nilikiweka kitabu chini. Lilikuwa figo la mjomba wangu, limeelezwa karibu miaka 200 iliyopita na mtu asiyepata kuikanyaga Kamukunji.

Mwaka 1836, katika jarida la Hospitali ya Guy's, Bright alitoa jedwali la maiti 100 za watu waliokuwa na ugonjwa huo. Humo aliandika jambo jingine lililomshangaza: wengi wao walikuwa na moyo mkubwa, hata wale ambao vali za moyo wao zilikuwa nzima. Kwa nini moyo ukue wakati ugonjwa uko kwenye figo? Alifikiri kwamba pengine damu iliyoharibika ilikuwa ngumu kusukumwa kwenye mishipa midogo, ikaulazimu moyo kutumia nguvu zaidi. Hakuwa mbali na shabaha. Hakuwa na kifaa cha kupimia presha, maana kile kitambaa cha kufunga mkononi kilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, Bright akiwa ameshazikwa zamani. Leo tunajua kwamba presha huharibu mafigo, na mafigo mabovu nayo huongeza presha. Kila mmoja humsukuma mwenzake, na moyo uliopo katikati hutuna kama mkono wa fundi wa nyundo. Kumbe mwanapatholojia wetu alipotaja moyo na mafigo kwa pamoja, alikuwa akituambia habari moja.

Mapema katika miaka ya 1840 hospitali ilimtengea Bright wodi mbili zenye vitanda 42, vya wanaume 24 na vya wanawake 18, pamoja na chumba cha kupimia mkojo na damu katikati. Alifanya kazi huko na madaktari vijana ili wagonjwa wa figo wachunguzwe pamoja badala ya kutawanywa. Mambo hayo yalikuwa mapya wakati ule. Umaarufu nao ulikuwa umemfikia, maana mwaka 1837 aliteuliwa kuwa mmoja wa madaktari wa Malkia Victoria.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Bright aliujua ugonjwa, hakuweza kuuponya. Aliwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuharisha kama walivyofanya wenzake wote, na bila shaka wako walioumia zaidi. Mashine ya kusafishia damu ilikuja kutengenezwa na Willem Kolff huko Uholanzi katika miaka ya 1940, na figo la kwanza kupandikizwa kwa mafanikio, kutoka kwa pacha hadi kwa pacha, lilikuwa Boston, Marekani, mwaka 1954.

Jambo la pili la kusema bila kuogopa ni hili: maiti wale walikuwa akina nani? Guy's ilikuwa hospitali ya maskini, upande wa kusini wa mto Thames. Waliolala vitandani mle walikuwa vibarua, mafundi, mabaharia na watumishi wa nyumbani, watu wa aina yetu. Mwaka 1832 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu maiti za maskini zisizo na wa kuzidai zipelekwe kwenye shule za madaktari, na watu wa kawaida waliiogopa sana. Kwa hiyo nyanya yangu hakuwa mjinga alipokataa. Hofu yake ni ya zamani, tena ina sababu. Maiti ana heshima yake, na wenyewe wana haki ya kuulizwa, kuelezwa na kurudishiwa mtu wao akiwa ameshonwa vizuri. Daktari wetu alifanya hivyo, ndiyo maana hata nyanya alimshukuru.

Hadithi hii ina mkondo mwingine uliofika hapa Nairobi, nanyi wasichana wenzangu tegeni sikio. Mwaka 1972 madaktari wa mji huu waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu watu wazima 60 waliovimba mwili, mkojo wao umejaa ile protini ya Bright. Safari hii mafigo hayakusubiriwa hadi mtu afe, kwa kuwa siku hizi kipande kidogo hutolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Walipowadadisi wagonjwa, waligundua kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakijipaka krimu za kujichubua, zenye zebaki ndani. Zebaki ilikuwa ikipenya kwenye ngozi na kutua kwenye mafigo. Wako waliopata nafuu walipoacha kujipaka. Krimu za zebaki zilipigwa marufuku nchini, lakini sote tunajua kwamba mtaani bado zipo zinazouzwa kwa kificho katika vikopo visivyo na maelezo. Ukiona rafiki yako anang'aa uso huku vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, usimcheke. Mwambie habari za mafigo.

Richard Bright alifariki London tarehe 16 Desemba 1858, akiwa na umri wa miaka 69. Na yeye alipasuliwa. Madaktari walikuta vali ya moyo inayopitisha damu kwenye mshipa mkuu imekuwa ngumu na kuziba. Aliyewafungua wengi akafunguliwa naye, ili wajue. Jina lake liliendelea kuitwa kwenye ugonjwa huo kwa vizazi kadhaa, hadi madaktari walipotambua kwamba ni magonjwa mengi yenye sababu mbalimbali, wakayapa kila moja jina lake. Siku hizi ugonjwa wa Bright hutajwa zaidi vitabuni, na kwa midomo ya madaktari wazee kama yule wetu.

Turudi Jericho nimalizie. Siku ya mazishi, nyanya hakuomba msamaha, maana watu wa umri wake hawakuzoea. Lakini alipofika kaburini alimshika mkaza mjomba mkono akamketisha ubavuni pake, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyethubutu kunong'ona tena. Wako jamaa wawili watatu ambao hadi leo hawamsalimu. Hayo ni yao. Watoto wake wanasoma, naye bado anaishi katika nyumba ile ile.

Mama yangu na ndugu zake waliobaki walikwenda zahanati kupimwa. Walifungwa kitambaa mkononi, wakatoa mkojo kwenye kikopo, muuguzi akachovya kijikaratasi ambacho hubadilika rangi. Kile kijikaratasi ndicho kijiko na mshumaa wa Bright, vimevaa nguo mpya. Mama mdogo alikutwa na presha ya juu na protini kidogo kwenye mkojo. Hakuwa akiumwa mahali popote, na mjomba naye alikuwa hivyo hivyo. Sasa anameza dawa kila siku, chumvi ameipunguza ingawa ananung'unika, na kila baada ya miezi michache hurudi kupimwa. Figo likishasinyaa halirudi tena, ila likiwahiwa linaweza kulindwa.

Basi wenzangu, nilichojifunza kwa mtu huyu ni kwamba ukitaka kujua ukweli usitazame pembe moja. Sisi tulitazama ugomvi wa karo tukamhukumu mtu. Mficha maradhi, kilio humfichua, nasi tulikuwa karibu kuzika kilio chenyewe bila kukiuliza kitu. Mkifunga shule, waulizeni wazazi wenu lini mara ya mwisho walipimwa presha na mkojo. Wakisema hawaumwi, waambieni hata mjomba wangu hakuwa anaumwa.